Kuhamisha Kikao Bila Kupoteza Mtu: Mwongozo Kamili wa Kufikisha Ujumbe kwa Kundi

Kikao kimehamishwa, tangazo limetumwa, na bado wanachama sita wamekwenda mahali pa zamani, siku ya zamani. Katibu anaonyesha simu yake: "Nilituma!" Ni kweli alituma. Ujumbe haukufika.

Viongozi wengi wa vikundi wanakwama hapa, na hukwama palepale kila mara. Mwongozo huu unachukua kazi hiyo moja, kuwahamishia kikao watu 25 wa kikundi cha hisa (wanaoweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana), na kuipitia mwanzo hadi mwisho. Ukiiweza hii, utaweza pia tangazo la msiba, la kamati ya harusi na la wazazi wa shule, kwa sababu misingi ya mawasiliano ni ileile: kuna mwenye kusema, jambo lenyewe, njia linalopitia, mwenye kupokea, na jibu linalorudi. Likikosekana jibu, mawasiliano hayajakamilika.

Tumechagua kikundi cha hisa kwa sababu hasara yake inaonekana waziwazi. Vikundi vingi vina sanduku la kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mmoja tu asipopata habari, sanduku halifunguki, hisa hazinunuliwi, mikopo haitoki, na watu 24 wamepoteza alasiri yao.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu.
- Orodha ya wanachama wote yenye safu tano: jina, namba ya simu, njia inayomfaa, saa aliyopelekewa, alichojibu.
- Karatasi 3 za A4 na maka peni nyeusi kwa ajili ya notisi.
- Simu yenye chaji, salio la kupiga na bando.
- Saa moja na nusu ya kukaa bila kuitwaitwa. Kazi hii haifanyiki ukiwa ndani ya daladala.

Anza siku 5 kabla ya kikao. Ukianza siku 2 kabla, hutapata muda wa kuwatafuta wasiopokea simu.

## Hatua ya 1: Andika jambo lenyewe kabla ya kushika simu

Kwenye daftari, jibu maswali matano: Nini kimebadilika? Lini? Wapi? Mtu aje na nini? Afanye nini akishapata ujumbe huu?

Kila jibu lisizidi mstari mmoja. Kama jibu la "lini" linahitaji maelezo ("itategemea kama ukumbi utapatikana"), bado huna ujumbe. Una wasiwasi tu. Nenda kahakikishe ukumbi kwanza. Tangazo la "huenda" huzaa tangazo la pili, na baada ya tangazo la pili watu hawajui tena wafuate lipi.

Sababu za kuhamisha kikao zisiingie hapa. Watu watauliza, nawe utawajibu, lakini sababu ikitangulia, tarehe inazama chini yake.

Umefaulu kama: mtu wa nyumbani kwako asiye mwanachama anaweza kusoma mistari hiyo mitano na kukuambia kikao ni lini na wapi bila kukuuliza neno.

## Hatua ya 2: Pitia orodha, mtu mmoja mmoja

Jaza safu ya tatu, njia inayomfaa kila mtu. Usikisie. Jiulize mara ya mwisho alijibu kwa njia gani.

Utaona makundi haya: wenye simu janja na bando la kila siku, wenye simu janja wanaonunua bando mara moja kwa wiki, wenye simu ya kitochi, wasiosoma au wenye macho yaliyopungua nguvu, wanaotumia simu ya mtoto au ya jirani, na pengine kiziwi mmoja au wawili.

Weka nyota mbele ya watu ambao bila wao kikao hakifanyiki: washika funguo watatu, mweka hazina na mwenyekiti. Hao wote watapigiwa simu au kufuatwa nyumbani, hata kama wamo kwenye kundi la WhatsApp.

## Hatua ya 3: Chagua njia kwa kila mtu

Kila njia ina kazi inayoiweza na mahali inapovuja.

Ana kwa ana. Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana unasikia maneno, unasikia sauti na kuuona uso kwa pamoja. Mtu akikunja uso ukitaja ukumbi mpya, umeshajua kuna tatizo kabla hajasema. Lakini mwili nao unasomwa kwa desturi za mahali. Kijana akiinamisha macho mbele ya mzee anaonyesha adabu, hafichi kitu. Na mtu anayeitikia "ee… ee… ndiyo" anakwambia anakusikia. Bado hajasema ameelewa, wala hajasema atakuja.

Hapa inafaa tuseme jambo moja. Semina nyingi hufundisha kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, na maneno ni asilimia 7 tu. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, na yalihusu namna watu wanavyozitambua hisia za msemaji. Hayakuhusu tarehe wala saa. Hakuna tabasamu litakalomwambia mtu kwamba kikao ni Jumapili. Siku, saa na mahali hubebwa na maneno, na ndiyo maana maneno hayo yanahitaji kupangwa.

Simu ya kupiga. Una sauti, huna uso. Inawafaa wazee, wenye nyota, na wasiosoma. Huvuja pale kwenye kelele (sokoni, mashine ya kusaga, mvua juu ya bati), na pia kwa sababu haiachi kumbukumbu. Ukimaliza kupiga, tuma SMS yenye maneno yaleyale.

SMS. Hufika kwenye kila simu, bila bando, na inabaki. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukiweka emoji hata moja, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na ujumbe hukatwa vipande unavyolipia kila kimoja. Hata ritifaa (alama ya ') ya "ng'ambo" ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, inafanya vivyo hivyo. Andika kwa herufi za kawaida tu.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unawafaa sana wasiosoma. Usizidi sekunde 40. Taja siku na saa mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kwa sababu sauti haipekuliwi kwa jicho. Mtu anayetafuta saa ya kikao lazima asikilize yote upya, na wengi hawatafanya hivyo.

Kundi la WhatsApp. Linafaa kutangaza, halifai kuthibitisha. Ujumbe wako utafunikwa na picha za harusi na dua za asubuhi ndani ya saa chache. Ubandike juu ya kundi. Ukiubonyeza kwa muda na kufungua taarifa zake utaona nani ameusoma na nani umemfikia tu. Kwenye makundi taarifa hizo huonekana hata kama msomaji amezima tiki za bluu. Lakini "ameusoma" maana yake ujumbe ulipita mbele ya macho yake. Basi.

Notisi ya karatasi. Ni msaada kwa wasio na simu. Siku na saa ziandikwe kwa herufi zenye urefu wa sentimita 2.5 au zaidi, halafu rudi nyuma hatua nne uone kama unasoma. Bandika pale watu wanaposimama: dukani, kisimani, mlangoni pa ukumbi wa zamani. Hiyo ya ukumbi wa zamani usiisahau, kwani ndiyo itakayomwokoa aliyekosa ujumbe wote.

Lugha ya alama. Kwa mwanachama kiziwi, usipaze sauti wala usipeleke ujumbe kupitia mtoto wake kana kwamba yeye hayupo. Lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama kuna mkalimani, mtazame kiziwi mwenyewe unaposema, mkalimani akae karibu nawe. Kama hakuna, kaa mahali penye mwanga unaoangaza uso wako, na andika siku, tarehe na saa kwenye karatasi. Kwa mbali, tuma SMS. Si kila kiziwi anasoma Kiswahili kwa urahisi, kwa hiyo sentensi ziwe fupi na namba ziwe wazi.

## Hatua ya 4: Funga mianya ya siku, saa na mahali

Hapa ndipo matangazo mengi hufia, hata yale yaliyoandikwa vizuri. Pitia neno kwa neno.

"Kesho." Uliandika Jumatatu saa 5 usiku, amesoma Jumanne asubuhi. Kesho yake imekuwa Jumatano. Kesho, keshokutwa na mtondo ni maneno ya mdomoni, watu mkiwa pamoja. Kwenye ujumbe unaosafiri usiyatumie kabisa.

"Jumamosi ijayo." Ukisema hivyo siku ya Jumatano, nusu ya watu wataelewa Jumamosi ya siku tatu mbele, nusu ile ya wiki inayofuata. Andika jina la siku pamoja na tarehe: Jumapili 15 Novemba. Viwili hivyo hulindana. Ukikosea kimoja, mtu ataona havilingani na atakuuliza.

"Usiku wa Ijumaa." Kwa wengi wa Pwani siku inaanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa wengine ni usiku unaofuata. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 13", na hapo hakuna atakayepotea.

Saa. Simu inaonyesha 15:00, mdomo unasema saa tisa, na aliyezoea ofisi za Kiingereza anaweza kuandika "saa 3" akimaanisha hiyohiyo. Shika saa za Kiswahili moja kwa moja na uweke wakati wa siku: saa 9 alasiri, saa 2 asubuhi, saa 1 jioni. Kamwe usichanganye "saa 15:00". Kama kuna mwanachama anayeingia kwa simu kutoka nje, mwandikie saa ya kwake: Oman wako mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja, na Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma kwa saa moja.

Mahali. "Palepale" na "kwa mwenyekiti" vinaeleweka na wazoefu tu. Taja jengo na alama moja ya kudumu iliyo karibu. Mti wa mwembe ni alama. Gari bovu siyo, maana kesho litavutwa.

Umefaulu kama: ujumbe wako ukisomwa na mtu yeyote, siku yoyote kabla ya kikao, unamaanisha kitu kilekile.

## Hatua ya 5: Tunga maneno

Badiliko litangulie. Mtu husoma mstari wa kwanza kwenye kioo cha simu bila kuufungua ujumbe, kwa hiyo mstari huo ubebe habari. SMS ya kuigwa ni hii:

> KIKAO KIMEHAMISHWA. Sasa ni JUMAPILI 15 NOVEMBA saa 9 alasiri, ukumbi wa ofisi ya kata. Si Jumamosi 14 tena. Njoo na kitabu cha hisa. Nijibu siku na saa. Katibu

Hizo ni herufi 160 kamili, ujumbe mmoja. Angalia mambo matatu. Siku ya zamani imetajwa, lakini baada ya mpya, na imekanushwa wazi. Ukiitanguliza, msomaji wa haraka ataondoka na Jumamosi. Herufi kubwa ziko kwenye badiliko na siku peke yake, kwani ukiandika zote kubwa hakuna kinachojitokeza. Na ombi la mwisho halisemi "thibitisha". Linamtaka mtu aandike siku na saa kwa mkono wake, na faida yake utaiona kwenye Hatua ya 7.

Kwenye kundi la WhatsApp una nafasi zaidi, basi weka salamu. "Habari za jioni wanakikundi" inatosha. Salamu ndefu yenye baraka za mistari minne ni nzuri siku nyingine. Siku ya kuhamisha kikao inasukuma tarehe chini, chini ya neno "soma zaidi".

Kwa simu na ana kwa ana ni kinyume: usiikate salamu. Mzee uliyemrukia na "kikao kimehamishwa" kabla ya shikamoo atakuwa bado anaipima adabu yako wakati wewe unataja tarehe, na tarehe itampita.

## Hatua ya 6: Peleka kwa mpangilio

Pigia wenye nyota kwanza, wote, kabla ya kutangaza kwenye kundi. Kuna sababu mbili. Kama mshika ufunguo atakuwa safarini siku hiyo, utajua mapema na tarehe itabadilika kabla haijasambaa. Tena, kiongozi anayepata habari kundini pamoja na wote huona amerukwa, na aliyerukwa hasaidii kueneza.

Kisha tuma SMS kwa wote, halafu tangazo la kundi, halafu ujumbe wa sauti, halafu bandika notisi. Tuma kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, watu wakiwa wametoka mashambani na kazini lakini hawajalala.

Kama huna salio la kupigia watu wengi, gawa: katibu anawapigia watu 4, kila mmoja wao anawapigia 5. Jumla, pamoja na katibu, ni 25, na habari imepita midomo miwili tu. Usikubali mdomo wa tatu. Hao wanne wasome maneno kutoka kwenye SMS, wasiyasimulie. Anayesimulia huongeza lake na kuacha lako, bila nia mbaya.

Na usibipu. Anayepigiwa mara moja na kukatiwa hajui ni jambo la kikao, na asipokuwa na salio habari imeishia hapo.

## Hatua ya 7: Rudishiwa ujumbe

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua. Mwombe mpokeaji akwambie alichoelewa, kwa maneno yake. Swali la "umeelewa?" halina faida. Jibu lake ni "ndiyo" siku zote, kwa sababu "hapana" inamfanya mtu aonekane mzito au inamvunjia heshima msemaji.

Tazama mazungumzo haya na mshika ufunguo, mama wa makamo:

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?
— Hatujambo mama. Habari za nyumbani?
— Nzuri tu.
— Mama, nakupigia kwa ajili ya kikao chetu. Kimehamishwa. Kitakuwa Jumapili tarehe kumi na tano, saa tisa alasiri, ukumbi wa ofisi ya kata. Jumamosi hakuna kikao.
— Haya mwanangu, nimekusikia.
— Ahsante mama. Hebu nirudishie, nisije nikawa nimekosea kusema. Nimesema lini?
— Umesema Jumapili, tukitoka kanisani.
— Naam, Jumapili. Saa ngapi?
— Si tukitoka kanisani, saa nne hivi?
— Hapana mama, ni alasiri, saa tisa.
— Aa, saa tisa! Basi nitapata hata nafasi ya kupika. Na ufunguo nije nao?
— Ndiyo mama, uje nao.

"Nimekusikia" ilitoka kwa dhati, na bado angewatangulia wengine kwa muda wa saa tano, akakuta ukumbi umefungwa, akarudi nyumbani na ufunguo. Sikio lilisikia Jumapili, na mazoea ya Jumapili yakajaza saa. Namna hiyo ya kujaza ndiyo chanzo kikubwa cha ujumbe kupotoka, na huwezi kuiona mpaka mtu akurudishie.

Zingatia pia namna swali lilivyoulizwa: "nisije nikawa nimekosea kusema." Kosa amelibeba msemaji. Ukimwambia mtu mzima "rudia nilichosema", umemfanya mwanafunzi, na mara nyingine hatapokea simu yako.

Kwa SMS na WhatsApp, jibu linalohesabika ni lile lenye siku na saa: "Jumapili saa 9." Dole gumba, "sawa", "poa" na "amina" usizihesabu. Mrudishie swali fupi: "Ahsante. Saa ngapi vile?" Andika kila jibu kwenye safu ya tano.

Umefaulu kama: siku 2 kabla ya kikao, safu ya tano ina siku na saa kwa watu wasiopungua 20 kati ya 25, wenye nyota wote wakiwemo, na kwa waliobaki unajua nani atawafuata kwa miguu.

## Hatua ya 8: Kumbusha mara moja, na ukikosea sahihisha hivi

Kumbusho liende jioni ya kuamkia kikao. Tumia maneno yaleyale ya kwanza bila kubadilisha hata moja. Ukiandika upya kwa maneno mengine, kuna atakayedhani kikao kimehamishwa tena. Kumbusho moja linatosha. Ukituma manne, watu wataanza kusubiri la nne.

Kosa likitokea, kwa mfano umeandika Jumapili 16, usitume "samahani, ni 15". Atakayesoma hiyo peke yake hatajua 15 ya nini. Futa ujumbe wa kwanza kundini kwa wote, kisha tuma ujumbe mzima upya ukianza na neno SAHIHISHO. Kwa SMS, ambazo hazifutiki kwenye simu ya mwenzako, ongeza mwishoni "Ujumbe wa kwanza ulikuwa na kosa." Halafu rudi kwenye orodha, kata kwa mstari majibu yote yaliyotangulia, na anza kurudishiwa upya kutoka kwa wenye nyota. Yule aliyekwisha kujibu "Jumapili 16" ndiye wa kupigiwa kwanza, maana yeye ameshaiandika kwenye kalenda ya ukutani na hana sababu ya kutazama simu tena.